Kabla ya kukaza buti, tazama kilichomo ndani yake

  Mimi niko palepale, Moro, mji kasoro bahari, milima ya Uluguru naiona kila nikifungua dirisha.

Wiki hii sina umbea wala habari za mapenzi. Nimekuja na kisa cha nyumbani kwetu, na nakisimulia huku nimeinamisha kichwa, maana mwenye kosa ni mimi. Nataka wanisikie watu wawili. Wa kwanza ni wewe mtu wa mazoezi, unayeamini kwamba maumivu ni uvivu tu wa mwili. Wa pili ni wewe ambaye miguu inakuwaka moto usiku, au mgongo unakurushia shoti mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, umeambiwa ufanye mazoezi na hujui pa kuanzia.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa tizi. Mchakamchaka wa sekondari uliniingia damuni, na nilipomaliza shule sikuacha. Jumamosi mimi na washikaji zangu tunapanda Morningside, kule kwenye jumba la enzi za Mjerumani, tunashuka jua likianza kuchoma. Ukilegea katikati ya mlima wenzako wote wanakupigia kelele ya aina moja: "Kaza buti!" Nawe unakaza, utafanyaje.

Sasa, bi mkubwa wangu ana kisukari. Alikaa nacho miaka mingi bila makuu, halafu miguu ikamwanza. Mchana afadhali, lakini usiku ni kasheshe. Mara nyayo zinawaka kama amekanyaga makaa, mara anachomwa sindano, mara wadudu wanatembea ndani ya ngozi. Shuka likimgusa kidole anaruka. Nimeshamkuta saa nane za usiku amekaa ukingoni mwa kitanda, nyayo ameziweka kwenye sakafu ya saruji apate ubaridi.

"Mama, vipi?"

"Nenda kalale mwanangu. Itapoa tu."

Kliniki walimwambia atembeetembee, ajizoeze. Mimi mtoto wa mjini nikaona hapo ndipo pangu. Nikaingia mtumbani, nikamnunulia raba nzuri kabisa, nyeupe, zina mistari ya bluu. Nikamwambia Jumamosi twende wote mlimani.

"Mlimani huko nitaweza?" akauliza.

"Utaweza, Mama. Kina mama wa Kiluguru wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani kila siku, tena wengine umri wao unauzidi wako. Wewe kaza buti tu."

Ilikuwa Julai mwaka juzi, miezi ile ya baridi. Tuliondoka mapema, tukashika njia ya kupanda, polepole, bila haraka. Hatukufika juu. Tulifika nusu, tukapumzika, tukautazama mji chini, tukashuka. Kwenda na kurudi kama saa mbili hivi. Kila baada ya hatua kadhaa nilikuwa namuuliza miguu inasemaje, naye anajibu kwa furaha: "Leo imetulia kweli. Hata siisikii."

Nikachekelea. Nikawaza, unaona sasa, dawa ilikuwa mazoezi! Laiti ningejua kwamba hilo la "hata siisikii" ndilo lilikuwa neno la kuogopa.

Tulipofika nyumbani akavua raba. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imelowa damu chini ya unyayo. Nikaichukua ile raba nikaikung'uta. Kikaanguka kizibo cha soda, kile cha bati chenye meno. Mpwa wangu wa miaka mitatu alikuwa amefanya raba ya bibi yake gari la kubebea mizigo.

Msomaji, mimi nilibaki mdomo wazi. Saa mbili Mama ametembea na kizibo chini ya unyayo, mlima kupanda na mlima kushuka, asijue. Mtu yuleyule ambaye usiku hawezi kuguswa na shuka!

Kidonda kile kilitula miezi minne. Kwenda kusafishwa, kurudi, dawa, nauli, kusafishwa tena. Kuna siku daktari alitaja habari ya kukata kidole. Mama hakusema kitu, alinitazama tu. Sikuwa na mahali pa kuuweka uso wangu. Kidole kilipona, namshukuru Mungu, lakini toka siku ile nilianza kuuliza maswali ambayo ningeuliza kabla ya kununua raba.

MJUMBE ALIYELEWA

Nilichoelewa ni hiki. Mishipa ya fahamu ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Kazi yake kuchukua taarifa huko mtaani, yaani kwenye ngozi, misuli na viungo, na kuipeleka juu kwenye ubongo. Moto, baridi, mwiba, jiwe, yote anaripoti. Mjumbe akiwa mzima, maumivu ni taarifa ya kweli: kuna kitu kinaharibika, kitazame.

Lakini mjumbe mwenyewe akiugua, taarifa zinavurugika. Usiku wa manane anagonga mlango anapiga kelele "Moto! Moto!" na ukitoka nje hakuna hata moshi. Siku nyumba inawaka kweli, yeye kalala fofofo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama. Shuka halina kosa, likapigiwa ukelele. Kizibo kinakata nyama, kimya.

Hii ndiyo tofauti kati ya maumivu ya mishipa ya fahamu na yale ya mazoezi tunayoyajua sisi. Ukipiga pushapu mia leo, kesho kifua kinauma, keshokutwa kinapoa. Hayo ni maumivu ya misuli, unaweza kuyazoea. Ya mishipa ya fahamu yanakaa miezi, mengine miaka, na si kipimo cha kuaminika. Yakipiga kelele si lazima uwe unaumia, na yakinyamaza si lazima uwe salama. Kwa hiyo "kaza buti mpaka uumie" hapa ni ujinga, na kulala kitandani mpaka maumivu yaishe ni ujinga mwingine.

Kama unadhani haya ni ya wazee tu, subiri. Kisukari ndicho kinachoongoza, kwa sababu sukari ikiwa juu muda mrefu inaharibu mishipa, na mirefu ndiyo huanza, ndiyo maana ganzi inaanzia vidoleni mwa miguu na kupanda kama mtu anayevaa soksi. Lakini wapo wengine. Mkanda wa jeshi ukipona unaweza kukuachia moto ubavuni kwa miezi. Pombe kali ya kila siku inakula mishipa. Ukoma nao. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kuleta ganzi, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa pamoja na vitamini B6. VVU vyenyewe vinaharibu mishipa, na walioanza kupewa ARV nchini mwaka 2004 wengi walikuwa kwenye dawa iitwayo stavudini, iliyoacha watu na miguu inayowaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 nchi ziiache, na zikaiacha, lakini wapo waliobaki na maumivu hadi leo.

Halafu tupo sisi vijana wa viroba na vyuma. Unabeba gunia la mpunga umejikunja kama ndoano, au unanyanyua vyuma vizito kushindana na jirani, siku moja mgongo unalia "kah!" na shoti inashuka tako, paja, mpaka kisiginoni. Hiyo ndiyo sayatika. Mshipa umebanwa kwenye uti wa mgongo huko chini, lakini anayelia ni mguu.

PANYA WA MORO NA PANYA WA USIKU

Sisi watu wa Moro panya tunawaheshimu. Hapa SUA kuna panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa, akaenda kufanya kazi Cambodia, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu. Alikufa Januari 2022, na magazeti ya dunia yakamwandika.

Lakini yuko panya asiyekwenda shule. Mwaka 2005 madaktari Zulfiqarali Abbas, Janet Lutale na Lennox Archibald walichapisha katika jarida la kisukari la Uingereza taarifa ya wagonjwa wa hapahapa Tanzania walioumwa na panya miguuni. Mtu mwenye kisukari na ganzi amelala, panya anakuja anaguguna kidole, mtu haamki. Anaamka asubuhi anakuta damu.

Nilipoisoma nywele zilinisimama. Nimekwambia habari hii si kwa kukutisha. Nataka uone ganzi ni kitu gani. Kama mtu anaweza kuliwa na panya asiamke, basi jiwe ndani ya kiatu akiwa anakimbia na muziki masikioni atalijuaje? Mwili wake hautamwambia. Inabidi atumie macho na mikono.

BASI TUSIFANYE MAZOEZI?

Thubutu! Mama alipoumia, nusu ya mtaa ilisema asitembee tena maisha yake yote. Na zamani hata wataalamu walikuwa wanaogopa, mtu mwenye ganzi miguuni anaambiwa akae. Mwaka 2010 vyama viwili vikubwa vya Marekani, cha kisukari na cha tiba ya michezo, vilitoa msimamo wa pamoja: mwenye ganzi ambaye hana kidonda anaweza kufanya mazoezi ya kiasi ya kusimama na kutembea, ila aangalie miguu yake kila siku na avae viatu vinavyofaa.

Mazoezi yanashusha sukari, yanaleta usingizi, yanaimarisha misuli inayokuzuia usianguke, na yanapunguza ile hali ya kukaa ndani unasikiliza maumivu tu. Wenye sayatika nao siku hizi hawaambiwi walale wiki tatu kama zamani, wanaambiwa waendelee kujongea kadiri wanavyoweza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Lakini usiziogope hizo dakika. Huanzi nazo, unazifikia taratibu.

Kabla ya yote nenda ukapimwe. Kipimo cha ganzi ni rahisi ajabu: daktari au nesi anabonyeza unyayo kwa uzi wa nailoni ambao ukipinda unakuwa umesukuma kwa uzito wa gramu 10. Umefumba macho, unasema "naam" ukisikia. Mama aliposhikwa sehemu kadhaa alikaa kimya muda mrefu mpaka nesi akamuuliza kama amelala. Hicho kipimo kingefanyika kabla ya zile raba, kizibo kisingetukuta.

SHERIA ZETU ZA NYUMBANI

Hizi ndizo tulizokubaliana na Mama baada ya kuwasikiliza wanaojua. Chukua zinazokufaa, lakini uzipeleke kwanza kwa daktari wako, maana wewe si Mama yangu.

Kwanza, kung'uta kiatu. Wazee wa zamani walikuwa wanakung'uta viatu kwa sababu ya nge, sisi tunakung'uta kwa sababu ya vizibo. Halafu ingiza mkono ndani, pitisha vidole mpaka mwisho, sikia kama kuna mshono uliotoka au msumari uliochomoza. Mkono unasikia, mguu hausikii.

Pili, kiatu chenyewe. Yeboyebo na kandambili si za mazoezi kwa mtu mwenye ganzi, na peku ndiyo kabisa sahau, hata ndani ya nyumba. Nunua kiatu kilichofunika vidole, kipana mbele, na ukijaribu jioni ambapo miguu imevimba kidogo. Vaa soksi safi za pamba, zisizobana. Nyeupe ni nzuri kwa sababu damu itaonekana.

Tatu, kagua miguu kabla na baada. Juu, chini, katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama weka kioo chini, au muombe mwanao. Mimi ndiye mkaguzi wa Mama kila jioni, na mwanzo alikuwa anaona aibu, sasa hivi nisipokuja ananiita. Ukiona malengelenge, wekundu, mpasuko au sehemu yenye joto kuliko nyingine, mazoezi ya kusimama yamekwisha siku hiyo, nenda hospitali. Usikate sugu kwa wembe na usitie vitu vya ajabu ulivyoelekezwa kijiweni.

Nne, anza tambarare. Uluguru ni milima mizuri lakini haina huruma. Kilele cha Lupanga kiko mita 2,138 juu ya bahari wakati mji wetu uko kama mita 500. Watu wanaogopa kupanda, kumbe kwa mgonjwa wa mishipa kubaya zaidi ni kushuka. Ukishuka vidole vinasukumwa mbele ya kiatu, magoti yanatetemeka, na kwa kuwa hausikii ardhi vizuri, jiwe likiteleza unachelewa kujishika. Masika udongo wa kule unakuwa kama sabuni. Mama sasa anatembea barabara ya mtaani iliyonyooka, asubuhi kabla ya jua au jioni likipoa. Baiskeli ya kusimama mahali pamoja nayo ni nzuri kwa mwenye ganzi, maana unyayo haugongwi.

Tano, usitembee kwa kusikilizia, tembea kwa saa. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Mtu mwenye maumivu sugu ana siku nzuri na siku mbaya. Siku nzuri anafurahi, anatembea maili tano, anafua, anapanga nyumba. Kesho yake hainuki, na analala siku nne. Akipata nafuu anarudia yaleyale. Dawa ni kujipangia kipimo kidogo na kukiheshimu. Mama alianza na dakika tano asubuhi na tano jioni. Siku nzuri ni dakika tano. Siku mbaya anajitahidi hizohizo, au anapunguza kidogo, lakini haachi. Kila wiki tuliongeza dakika moja au mbili.

Sita, mwamuzi ni kesho asubuhi. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa mazoezi halafu yakarudi palepale yalipokuwa ndani ya saa chache, hakuna noma. Ukiamka kesho yamezidi kuliko kawaida yako, jana ulizidisha, punguza. Wa sayatika wana kipimo cha ziada: maumivu yakihama kutoka mguuni kupanda kuelekea kiunoni, unakwenda vizuri hata kama kiuno kinalia. Yakishuka kuelekea vidoleni, zoezi hilo acha.

Saba, usisahau kiti. Miezi ile minne ya kidonda Mama hakuruhusiwa kuukanyagia mguu. Akawa anafanya mazoezi ya mikono akiwa amekaa, ananyanyua chupa mbili za maji. Alipopona tukaongeza kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, kunyanyua visigino akiwa ameshika meza, na kusimama kwa mguu mmoja huku mimi niko nyuma yake kama golikipa. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayomzuia asianguke bafuni.

Nane, chunga joto. Ngozi yenye ganzi haijui moto. Jua la Moro saa saba mchana lami inachemka, na mawe ya mtoni vilevile. Baada ya mazoezi usizamishe miguu kwenye maji ya moto eti upunguze uchovu, yapime kwanza kwa kiwiko. Na wale wa milimani mnaoota moto Julai, miguu kaeni nayo mbali na jiko la mkaa. Wenye mkanda wa jeshi, fulana ya pamba laini inayokaa vizuri mwilini inasaidia kuliko shati linalokwaruza kila hatua.

Tisa, kwa wenye kisukari, beba kitu kitamu. Kama unachoma insulini au unameza vidonge kama glibenklamaidi, mazoezi yanaweza kushusha sukari ghafla. Ukianza kutetemeka, jasho jembamba, kizunguzungu, kaa chini unywe soda au glukosi. Kwa hiyo usitembee peke yako, na mwenzako ajue unaumwa nini.

Kumi, dawa. Panado na zile za kupunguza uvimbe mara nyingi hazifui dafu kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na hizo za uvimbe ukizimeza kila siku unaumiza figo na tumbo. Daktari anazo dawa nyingine, kwa mfano amitriptilini kwa kipimo kidogo, inayomezwa usiku. Lakini inaleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo asubuhi usikurupuke kitandani ukaanza kukimbia. Kaa kwanza, nyanyuka taratibu, halafu ndiyo utoke.

HAPA USISUBIRI WIKI IJAYO

Kuna mambo si ya kusoma gazeti. Mgongo unauma na ghafla unashindwa kujizuia haja ndogo au kubwa, au sehemu za siri na katikati ya mapaja zimekufa ganzi, au mguu unaburura hauwezi kuunyanyua, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Ganzi inayopanda haraka kwa siku chache, nenda. Mguu mwenye kisukari ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto hata bila kidonda, usiukanyagie, nenda. Kifua kikibana wakati wa mazoezi, simama, nenda. Hapo hakuna cha kukaza buti.

Na ninyi washikaji wa tizi, nina ombi. Mwenzenu akisema leo mguu unamuwaka au mgongo unampiga shoti, msimuite mtoto wa mama. Mtu mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu hana bandeji wala gongo, ukimtazama anaonekana fiti kuliko wewe. Amelala saa mbili usiku mzima na bado amekuja. Mpunguzieni mwendo, mmoja abaki naye nyuma. Mimi ningembakia Mama nyuma kwa adabu badala ya kumsifia mbele, pengine tungesimama, tungevua raba, tungekiona kile kizibo mapema.

Siku hizi bi mkubwa anafikisha dakika ishirini na tano, mara mbili kwa siku. Usiku miguu bado inawaka, nisikudanganye, ila anasema anaweza kulala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamka, kitu ambacho mwaka juzi hakikuwepo. Juzi Jumamosi nilikuwa najiandaa kupanda Morningside na wenzangu, nafunga kamba haraka maana nilikuwa nimechelewa. Akanisimamisha mlangoni.

"Wewe! Umekung'uta?"

Nikamwambia Mama, mimi sina ganzi, kitu kikiwepo nitakisikia.

"Hata mimi nilidhani hivyo," akajibu.

Nikavua, nikakung'uta. Hakikutoka kitu. Akaingiza mkono wake mwenyewe mpaka mwisho, akaridhika, ndipo akaniachia nikaenda.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kaeni poa.